Ujana Una Wenyewe

Liko swali moja ambalo vijana wanaotunga hadithi huliona jepesi, nasi wazee hutunyima usingizi. Mtu akiukumbuka ujana wake, je, anachokikumbuka ni mali yake? Nyumba niliyoijenga kwa kiinua mgongo changu naweza kuiuza hata kesho, maana hati ina jina langu. Lakini ujana wangu hauna hati. Nilikuwa kijana pamoja na watu, katika nyumba za watu, nikila katika masufuria ya watu na kuwatamani mabinti wa watu. Nikiuuza ujana huo, nauza na vya wenzangu.

Kwangu mimi swali hili si la vitabuni tu. Tangu nilipostaafu nimejaza madaftari sita makubwa kwa habari za Temeke ya miaka ya 1960, Temeke ya mikorosho, vumbi na mabasi ya DMT yaliyogeuzia Mwisho. Sikuyaandika ili yachapishwe. Lakini mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi anatengeneza filamu huko Kinondoni, aliyaona mezani siku alipokuja kunijulia hali, akayasoma hadi adhana ya alasiri, na tangu hapo hanipi nafasi ya kupumua. Anataka kwanza itoke riwaya, kisha riwaya izae filamu. Nilimwambia asubiri. Yeye anadhani nazeeka. Mimi nadhani kuna jambo la kufikiri kabla ya kuanza.

Naomba nianzie darasani, mahali ninapopajua. Kila aliyesoma shule katika nchi hii amewahi kuandikishwa insha ya "Siku Nisiyoisahau". Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesahihisha maelfu ya siku hizo, na nyingi nilizisahau kabla wino mwekundu haujakauka: mtoto aliamka mapema, akapiga mswaki, akapanda basi, akaona simba Mikumi, akarudi salama. Lakini mwaka mmoja kijana wa darasa la saba aliandika juu ya maziko ya baba yake. Aliandika jinsi wanaume walivyopokezana jeneza bila kusemeshana, jinsi mama alivyoendelea kuchambua mchele kwa sababu hakuna aliyemwambia aache, na jinsi yeye mwenyewe alivyoona haya kwa kuwa alikuwa na njaa. Nilimpa alama 18 kati ya 20, na kwa wiki mbili nikawa namtazama kwa huruma.

Wiki ya tatu baba yake akaja kwenye mkutano wa wazazi, na baiskeli yake, mzima wa afya.

Nilimwita kijana. Hakutetemeka. Alisema, "Mwalimu, aliyekufa ni baba wa jirani yetu. Lakini aliyelia ni mimi." Na yule mtoto wa jirani, mfiwa hasa, alikuwa darasa lilo hilo, dawati la nyuma yake. Insha yake yeye ilihusu maonyesho ya Sabasaba. Sikuzipunguza zile alama 18. Baadaye mfiwa alikuja ofisini kuomba daftari la mwenzake alipeleke nyumbani. Lilikaa huko siku nyingi, na liliporudi, ukurasa ule ulikuwa na doa la mafuta ya kupikia. Bila shaka mama yake aliusoma jikoni, au alisomewa.

Nimelirudia tukio hili katika fikra mara nyingi kuliko falsafa yoyote niliyofundishwa chuo cha ualimu. Mwenye msiba alinyamaza. Asiye na msiba aliandika. Na mwenye msiba alipouona msiba wake umeandikwa na mtu mwingine, hakusema ameibiwa. Aliuomba apeleke nyumbani. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu mwandishi yule mdogo alibadilisha kila kitu isipokuwa kile ambacho hakikupaswa kubadilishwa. Jina la marehemu lilikuwa jingine, nyumba ilikuwa nyingine, mwana wa marehemu alikuwa mwingine, lakini mchele ulichambuliwa vile vile.

Sasa tutoke darasani twende kwa mabingwa. Mtu ambaye maandishi yake yamenisaidia sana katika jambo hili ni Shafi Adam Shafi wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1940. Msomaji akivipanga vitabu vyake ataona kwamba mtu yule yule ameyashika maisha yake kwa namna mbalimbali. Mwaka 1999 ilitoka riwaya yake ya Vuta N'kuvute, inayohusu Unguja ya miaka ya 1950, yaani miaka ya ubalehe wake mwenyewe. Humo hayumo. Yumo Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyemtaka. Yumo Mwajuma wa Ng'ambo aliyempa hifadhi. Yumo Denge, kijana aliyetafutwa na askari wa Mwingereza. Mwaka 2003 ikatoka Haini, juu ya watu waliokamatwa baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Hata hivyo hakusema "mimi". Alimweka mtu anayeitwa Hamza. Kisha mwaka 2013, katika Mbali na Nyumbani, alisimulia safari yake ya ujanani ya kuihama nyumba na kwenda kutafuta dunia, na safari hii alisimama mwenyewe barazani akasema "mimi".

Kwa nini "mimi" katika safari, na Hamza katika kizuizi? Sijamwuliza, na pengine yeye angenipa jibu jingine. Lakini mimi naona hivi. Njaa ya safari ilikuwa ya tumbo lake, na malengelenge yalikuwa ya miguu yake. Angeweza kuyatoa bure kama apendavyo. Mateso ya kizuizini aliyapata pamoja na wenzake, na wenzake wana wake zao na watoto wao. Jina la kubuni likawa kama pazia la mlangoni. Aliye ndani anajua yumo, anayepita nje anajua kuna watu, lakini hapana anayemkodolea mtu macho. Wazee wetu wa pwani wana neno lake, sitara.

Najua nitajibiwa kwa methali, mficha uchi hazai. Ni kweli. Euphrase Kezilahabi angeogopa kusemwa, tusingekuwa na Rosa Mistika. Kitabu kile cha mwaka 1971 kilipigwa marufuku shuleni kwa kusema waziwazi yanayowapata mabinti wetu, na sisi walimu ndio tuliokisoma tukiwa tumekifunika kwa gazeti. Lakini angalia alivyofanya. Kijiji cha Rosa ni Namagondo, kisiwani Ukerewe, na Namagondo ndiko alikozaliwa Kezilahabi. Kijiji alikitaja kwa jina lake halisi, binti alimtunga. Yamkini kila nyumba pale iliuliza, "Huyu Zakaria mlevi ni nani kati yetu?" Na kila nyumba iliweza kujibu kuwa ni wa nyumba ya pili. Riwaya inaruhusu jambo hilo. Inamgusa kila mtu bila kumshika mmoja.

Filamu hairuhusu, na hapa ndipo mimi na mwanafunzi wangu tulipoanza kubishana.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya Vuta N'kuvute kuwa filamu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka ule, na baadaye nchi yetu ikaipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Mjukuu wangu alinipeleka kuitazama. Ni filamu nzuri, nasema bila choyo. Ina utulivu, haimkimbizi mtazamaji, na Kiswahili chake hakijapakwa rangi ya Kizungu. Mtengenezaji wake hakuwahi kuiona miaka ile ya 1950. Ameipokea kumbukumbu kutoka kwa mzee kwa njia ya kitabu, kama mtu anavyopokea saa ya babu. Katika dakika 90 na kitu hakuweza kubeba kitabu kizima. Amewashika Yasmin na Denge, mengine kayaacha. Hilo halinisumbui. Mpishi huchagua.

Kilichonisumbua ni kitu kingine. Nilipokisoma kitabu, nilikuwa na Yasmin wangu. Alifanana na binti mmoja wa duka la Mhindi hapa Temeke, aliyetupimia sukari huku akitazama mbali, na ambaye familia yake ilihama bila kuaga. Kwa miaka ishirini na zaidi Yasmin alikuwa na uso ule. Nilipotoka kutazama filamu, uso ule ulikuwa umetoweka. Sasa Yasmin ni Ikhlas Gafur Vora, mwigizaji hodari, na kila ninapomtafuta yule binti wa dukani naletewa huyu. Riwaya iliniazima jina nami nikalipa uso. Filamu ilileta uso wake, na wangu ukaondoka.

Kama mtu anadhani natia chumvi, nitampa mfano mkubwa zaidi. Usiku wa tarehe 9 Desemba, 1961, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, nimebebwa mabegani na mjomba wangu karibu na Uwanja wa Taifa. (Rika langu lote linasema lilikuwapo usiku ule, uwanja ungekuwa na ukubwa wa Mkoa wa Pwani.) Nakumbuka giza, kisha taa, na bendera mpya juu. Lakini picha ile nimeoneshwa katika filamu na televisheni kila mwaka tangu wakati huo, na siku moja niligundua kuwa katika "kumbukumbu" yangu naitazama bendera kutoka pale ilipokuwa kamera, si kutoka mabegani kwa mjomba. Nilichobaki nacho kilicho changu hasa ni harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake. Hiyo kamera haikuichukua, kwa hiyo haikuifuta.

Msomaji sasa anaelewa hofu yangu. Filamu hailali karibu na kumbukumbu kama ndugu. Huisukuma kitandani.

Na katika madaftari yangu yumo mtu aliye hai.

Yumo binti aliyesoma nasi, akatolewa shuleni kwa sababu ya mimba. Mwaka sitautaja, mtaa nimeubadilisha, shule sitaisema, na yeye mwenyewe anajua kuwa naandika haya. Siku ile tulipangwa mstari, akaitwa mbele, akasomewa maneno, akaambiwa aondoke. Aliyempa mimba alikuwa rafiki yangu, na alikuwa mstarini pamoja nasi. Kanuni za wakati ule hazikuwa na neno juu yake. Aliendelea na masomo, akawa mtu mkubwa kiasi, akafariki. Uwanja ulikuwa mrefu, na njia ya kwenda getini ilipita kando ya bomba. Binti alipofika pale alisimama. Akafungua maji, akanawa miguu, mmoja kisha wa pili, taratibu, akasugua hata kisigino. Akafunga bomba. Akavaa ndala zake, akaondoka. Watoto mia tatu na walimu wote hatukusema kitu. Nimeyaona mengi tangu siku hiyo lakini bomba lile ndilo lililonifanya niandike madaftari sita.

Mwanafunzi wangu aliposoma ukurasa ule alisimama akazunguka chumba. "Mwalimu," alisema, "filamu ni hii. Nyingine zote ni mapambo." Kisha akaanza kuitengeneza hapo hapo. Anawe miguu, sawa, lakini analia, machozi yanaingia kwenye maji, mvua inaanza. Nilimwambia hakulia. Akasema, "Mtazamaji asipoona chozi hatajua anaumia."

Mimi sidharau hoja yake. Anatafuta fedha kwa watu, na watu hutoa fedha pale wanapoona machozi. Tena alinibana kwa hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Alisema mabinti waliendelea kutolewa shuleni hivyo miaka hamsini na zaidi baada ya siku ile, mpaka Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kuwa waliojifungua waruhusiwe kurudi. "Wote hao nani amewasemea, Mwalimu? Wewe unalinda heshima ya mmoja." Nilikosa jibu kwa siku kadhaa. Sitara inaweza kuwa kichaka cha waliokosa, nao ndio husema kwanza kwamba mambo ya zamani yaachwe. Familia ya marehemu rafiki yangu ingefurahi sana kama ningeacha.

Nikaona upuuzi wa wanaume wawili kugombea chozi la mwanamke aliye hai. Nilipanda daladala nikaenda Mbagala.

Ni bibi sasa, ana wajukuu, na anaheshimika mtaani kwake kwa sababu ya chama cha akina mama cha kuwekeana fedha, ambacho yeye ndiye mtunza daftari. Tulisalimiana kwa kirefu, kama inavyotupasa watu wa umri wetu. Nilimweleza yote, kuanzia madaftari, riwaya, filamu hadi mwigizaji. Nilitazamia akatae, na nilikuwa tayari kuyachoma. Alisikiliza huku akichambua mlenda.

"Jina langu?" aliuliza.

"Halimo."

"Wanangu watanijua?"

"Kwa habari pengine. Kwa sura hapana."

Akanitajia jambo moja ambalo lisiwemo. Halimo hapa, na ukurasa uliokuwa nalo nilimpelekea wiki iliyofuata, akauweka chini ya bati la chai. Kisha nikamwambia juu ya machozi na mvua. Aliacha kuchambua.

"Mwalimu, mwambie huyo kijana wako mimi sikulia. Nililia nyumbani, na nyumbani hakuwapo mtu wa picha. Pale nilijua wote mnanitazama. Nikasema, kama mtanikumbuka, mnikumbuke na miguu safi. Akitaka binti anayelia amtafute mwingine, wako wengi, na wao wana haki yao. Mimi huyo si wangu."

Sikutazamia hivyo. Nilidhani atapigania siri. Siri aliitetea kwa maneno mawili matatu, na kwa muda wote uliobaki alipigania namna alivyosimama. Nikamkumbuka yule mfiwa wa darasa la saba na mchele wa mama yake. Mtu anaweza kuvumilia uhamishe nyumba yake, umbadilishe kabila, umpe watoto asiozaa. Kinachomfanya ajione ameibiwa ni ukimpa moyo usio wake, ukamgeuza mnyonge pale aliposimama wima, au shujaa pale alipoogopa. Nilirudi na maneno yake kwa mwanafunzi wangu kama nilivyoyapokea, na nikamwambia kwamba madaftari atayapata kwa sharti hilo moja. Mwaka, mtaa, mvua ya sehemu nyingine, hayo ni yake. Bomba si lake wala si langu.

Alinuna. Alisema mtunzi hafungwi kamba. Nikamjibu kwamba atunge basi, nani amemzuia? Atunge binti wake kutoka kichwani mwake, amlize mpaka mafuriko. Lakini akichukua kwa mtu, achukue na uzito wake. Sidhani kuwa nilimshinda kwa hoja. Nadhani alikwenda akajaribu kuandika onyesho lile kwa njia zote mbili, akaona mwenyewe. Mwezi uliopita aliniletea kurasa. Mvua haipo. Chozi limehamia kwa kijana aliyesimama mstarini, yule aliyempa mimba, naye analifuta haraka kabla jirani hajaona. Sikumbuki kama rafiki yangu alilia. Yamkini hakulia. Nimelipitisha kwa sababu yeye alikuwa na deni, na riwaya ina haki ya kumdai.

Sasa amebaki na shida ya mahali. Temeke ya madaftari haipo. Shule ile ina ghorofa na ukuta, na hata Magomeni Kota, ambako angepata nyumba za umri ule, palivunjwa; mwaka 2022 yalizinduliwa maghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Siwalilii watu kuhama kwenye paa linalovuja. Ila mtengeneza filamu anahangaika. Ametafuta mpaka Kisarawe, na huko amepata shule yenye uwanja mrefu na miembe, na bomba la zamani lisilotoa maji. Atapeleka maji kwa madumu na kuyapitisha kwa mpira nyuma ya ukuta. Fedha bado hazijatosha, riwaya yenyewe imefika sura ya nne, na sura mbili nimemrudishia kwa kalamu nyekundu.

Bibi wa Mbagala nilimpigia simu kumweleza habari za Kisarawe. Aliuliza mwigizaji ni binti wa nani, ana umri gani, na kama amewahi kwenda peku. Nikamwambia bado hajapatikana. Akauliza bomba ni lile la kuzungusha au la kubonyeza, maana lile letu lilikuwa la kubonyeza, ukiliachia tu maji yanakatika, na mtu anayenawa miguu lazima ainame na kulishikilia kwa mkono mmoja muda wote. Nilimwambia nitauliza.